Play inakataa kuingia ku intaneti: tafuta kwanza njia imekatika wapi

Siku ya yenga, kisha saa sita, mutoto amenunua mega, amewasha partaje ya telefone ya mama yake, na PlayStation inamwambia kama haiwezi kuunganisha ku intaneti. Anajaribu mara tano, mara kumi. Jioni anamaliza kusema: "Mama, Play imeharibika." Kesho yake wanaipeleka kwa fundi, fundi anaifungua, anaomba dola, na siku inarudi nyumbani ugonjwa uko palepale.

Mara mingi Play haina kosa lolote. Intaneti inapita njia tatu mbele ya kufika mu mchezo. Njia ya kwanza iko ndani ya nyumba: kutoka Play mpaka ku telefone ao ku ruta, kwa Wi-Fi. Ya pili inatoka ku ruta mpaka ku kompanyi ya telefone. Ya tatu inatoka ku kompanyi mpaka ku mashini za Sony na za mchezo wenyewe, ambazo ziko mbali sana na Goma, Bukavu ao Bunia. Inafaa kujua ni njia gani imekatika mbele ya kugusa kitu chochote.

Ku PS4, ambayo ndiyo tunaona mu nyumba nyingi, fungua "Paramètres", kisha "Réseau", kisha "Tester la connexion Internet". Play itaandika majibu mstari kwa mstari. Kama imeshindwa kupata anwani ya IP, shida iko ndani ya nyumba. Kama anwani imepatikana lakini intaneti imekataa, tafuta kwa upande wa mega na kompanyi. Na kama intaneti imekubali lakini kuingia mu PlayStation Network kumekataa, nyumba yako na mega zako haziko mu hiyo kesi. Piga picha ya jibu na telefone, pamoja na namba ya kosa kama imetokea. Namba NW-31297-2, kwa mufano, maana yake ni neno la siri la Wi-Fi si sahihi. Hapo hakuna fundi wa kuita. Andika neno upya, pole pole, ukiangalia herufi kubwa na ndogo.

Telefone mupya, Play ya zamani

Kuna shida moja inayosumbua watu wengi. PS4 ya kwanza, ile nene iliyotoka mwaka wa 2013, inasikia Wi-Fi ya 2,4 GHz tu. PS4 Slim na Pro, zilizotoka mwaka wa 2016, zinasikia hiyo na ya 5 GHz pia. Sasa telefone nyingi za siku hizi zinaweza kutoa partaje ku 5 GHz. Unaona partaje ku telefone ya jirani, lakini ku Play yako jina halitokei hata kidogo, na unafikiri Play ni kipofu. Ku Android, ingia mu mipango ya partaje, tafuta "Bande", chagua 2,4 GHz. Ku iPhone 12 na zile zilizofuata, washa "Maximiser la compatibilité", na uache ukurasa huo wazi mpaka Play iunganishe. Kama ni ruta ya nyumbani yenye majina mawili ya Wi-Fi, jina moja likiwa na "5G" mwishoni, wewe chagua lile lingine.

Weka telefone karibu na Play, si ndani ya chumba kingine nyuma ya ukuta wa mawe. Kama ruta iko na tundu za kamba, nunua kamba ya rezo na uchomeke moja kwa moja. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo dawa bora kuliko yote mu sale za michezo ambako Play tano zinapigania Wi-Fi moja.

Umeme ukirudi kisha kukatika, Play inaamka mbele ya ruta kupata antena. Ngoja dakika tatu, kisha ujaribu tena.

WhatsApp inapita, Play haipiti

"Mega ziko, mbona WhatsApp inaenda?" Hilo ni swali tunalosikia kila mara. Angalia vizuri ulinunua nini. Kompanyi zinauza mega za aina ya pekee, za WhatsApp ao Facebook tu, kwa bei ya chini. Kwa hizo mega ujumbe unapita, sauti inapita, lakini PlayStation inabaki inje ya mlango. Ili kuhakikisha, unganisha telefone ya pili ku partaje ileile na ufungue ukurasa wa kawaida wa intaneti, wenye hujafungua siku hiyo. Kama haufunguki, Play pia haiwezi kupita.

Sisi wenye kukaa karibu na mpaka tuko na shida yetu ya pekee. Mu kata fulani za Goma telefone inashika antena ya Gisenyi; kwa wa Bukavu inaweza kushika ya ngambo ya Ruzizi, na kwa wa Uvira ya upande wa Bujumbura. Alama za rezo zinajaa, lakini mega zako za hapa hazifanyi kazi kule, ao mayunite yanakatwa kwa bei ya safari. Ingia mu mipango ya rezo, zima kuchagua kwa moja kwa moja, kisha uchague kompanyi yako kwa mukono.

Kama yote iko sawa na Play bado inakataa, angalia tarehe na saa. Play iliyokaa miezi bila umeme inaweza kurudi mu mwaka wa nyuma, na hapo mashini za Sony zinaikataa kwa sababu za usalama. Kumbuka kama saa ya kwetu inapita ya Kinshasa kwa saa moja. Kisha jaribu DNS: mu "Configurer la connexion Internet" chagua "Personnalisé", acha yote kama ilivyo, lakini ku DNS andika 8.8.8.8, na ya pili 8.8.4.4. Hiyo ni ya Google, haiombi malipo. Inasaidia siku ambayo DNS ya kompanyi inalala. Haiongezi mbio ya mchezo, hata kama vijana wa kata wanaapa.

Intaneti imekubali, mchezo umekataa

Hapa inafaa kutofautisha. Michezo mingi ya kununua, kama ile ya mupira ya EA, inaomba ulipe PlayStation Plus ili kucheza na watu wa mbali. Fortnite na eFootball haziombi. Kwa hiyo kama eFootball inaenda na ule mwingine unakataa, usitafute ku ruta. Siku zingine ni Sony wenyewe wanaotengeneza mashini zao, angalia status.playstation.com ku telefone.

Sababu ingine ni mise à jour. Play yenye programu ya zamani haikubaliwi kuingia. Si lazima kutumia mega zako: fichie ya programu ya PS4 inapatikana ku ukurasa wa Sony, inakaribia nusu ya giga, na unaweza kuichukua kwa siba. Ku kle USB tengeneza dosie PS4, ndani yake dosie UPDATE, weka humo fichie yenye jina PS4UPDATE.PUP. Mise à jour za michezo yenyewe haziendi kwa njia hiyo, na zingine zinapita giga 20. Ndiyo maana ni vizuri kuzima "Téléchargements automatiques", mu "Système". Mzazi anayeshangaa mega za mwezi kuisha usiku mmoja, aanzie hapo.

Tuseme pia juu ya NAT, kwa sababu kuna watu wanaokula pesa juu yake. Jaribio linaonyesha NAT ya aina ya 1, 2 ao 3. Ku aina ya 3 unaweza kushindwa kusikia sauti ya rafiki ao kuingia mu mchezo wake. Mutu atakuja kukuambia atakufungulia "port" kwa dola kumi. Mbele ya kulipa, ingia mu ukurasa wa ruta na uangalie anwani iliyopewa na kompanyi. Kama inaanza na 10, ao iko katikati ya 100.64 na 100.127, maana yake kompanyi imeweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mlango huo uko kwao, hauko kwako. Hakuna fundi atakayeufungua akiwa ku salon yako.

Wenye intaneti ya satelite ya zamani, ile iliyo juu karibu kilometre 36.000, wajue kama ujumbe unapitisha nusu ya sekunde na zaidi kwenda na kurudi. Kupakua mchezo kutawezekana. Kucheza mupira na mutu wa Kampala, hapana: mupira utakuwa umekwisha kuingia kabla hujaona shuti.

Usifute kitu

Neno "Initialiser" linavutia sana mutu mwenye hasira. Ku PS4 linaweza kufuta watu wote walioandikwa, michezo, na sovgade za miaka. Asiye na PlayStation Plus hana nakala ingine popote, isipokuwa alinakili ku kle USB. Sijaona shida ya rezo iliyoomba kufika huko. Na ukinunua Play ya okazio, iombe iingie ku PlayStation Network mbele ya macho yako kabla ya kutoa pesa, kwa sababu Sony inaweza kufunga Play yenyewe juu ya makosa ya mwenye wa kwanza, na hilo halitengenezwi.

Fundi ana kazi yake katika hali moja: Play haioni jina la Wi-Fi hata moja, ku nyumba yako wala ku nyumba ya jirani, na partaje iko ku 2,4 GHz. Hapo ni antena ya ndani ao kipande cha Wi-Fi. Muulize bei ya hicho kipande tu, na mbele ya kukubali jaribu kamba: kama kwa kamba inaingia, unaweza kuendelea kucheza hivyo bila kufungua mashini.