Pinotage: Mzabibu Uliozaliwa Afrika

Mzabibu wa divai si mmea wa asili wa kusini mwa Afrika. Uliletwa Rasi ya Tumaini Jema na Waholanzi, na divai ya kwanza ikakamuliwa huko tarehe 2 Februari, 1659. Kwa karne nyingi aina zote zilizolimwa zilikuwa za Ulaya.

Mwaka 1925, Abraham Izak Perold, profesa wa Stellenbosch, alitia chavua ya mzabibu mmoja katika ua la mwingine. Wazazi hao wawili walikuwa Pinot Noir, wenye divai tamu lakini mgumu kuulea, na Cinsaut, uliostahimili joto na kuzaa kwa wingi. Huko Cinsaut uliitwa Hermitage, na kutokana na majina hayo mtoto akaitwa Pinotage. Mbegu zilikuwa nne tu, naye akazipanda bustanini kwake. Alipohama, magugu yakaifunika bustani, na miche ingaling'olewa kama mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, asingaliiokoa. Divai ya kwanza ilitengenezwa Elsenburg mwaka 1941. Mwaka 1959 Pinotage ikashinda katika maonyesho ya divai ya Cape, na mwaka 1961 jina lake likaandikwa juu ya chupa kwa mara ya kwanza.

Hiyo ndiyo historia isimuliwayo aghalabu. Lakini je, ni nani aliyelima? Mashamba ya Rasi yalifunguliwa kwa jasho la watumwa waliotoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Utumwa ulipofutwa mwaka 1834, vibarua wengi waliendelea kulipwa sehemu ya ujira wao kwa divai, kikombe baada ya kikombe, tangu asubuhi hata jioni. Desturi hiyo, iliyoitwa dop, ilidumu hata baada ya kupigwa marufuku. Iliwafunga watu kwa ulevi pasipo mnyororo, na madhara yake yaliwafikia hata watoto waliokuwa tumboni mwa mama zao.

Ndugu msomaji, ubingwa wa Perold haupungui kwa kusema hayo. Nasi Watanzania tunalima zabibu Dodoma, hivyo hatuna budi kujifunza. Utamaduni wa zao lolote ni pamoja na haki ya mkono unaolivuna. Mwalimu afundishapo habari za mbegu nne, afundishe pia habari za kikombe cha dop.