Aliyetembea na Aliyeandika: Tarehe ya Mimea ya Australia

Mgrivea unaotia kivuli mibuni ya Kilimanjaro, na mkaratusi tunaoukata nguzo na kuni kote Afrika Mashariki, asili yake ni Australia. Majina yake ya kisayansi yalitolewa Ulaya, tena si bila ugomvi.

Mwaka 1770 wataalamu wa mimea Joseph Banks na Daniel Solander walishuka na nahodha James Cook kwenye ghuba iliyokuja kuitwa Botany Bay. Walikausha mimea mingi mno wakaipeleka London, lakini kitabu walichokusudia hawakukitoa hadi wanakufa. Sampuli zikabaki London, na jambo hilo ndilo lililokuja kuamua mengi baadaye.

Banks ndiye aliyemteua Mskoti Robert Brown kuandamana na nahodha Matthew Flinders katika merikebu ya Investigator. Walifika Australia Desemba 1801, pamoja na mchoraji hodari Ferdinand Bauer. Brown alirudi Uingereza 1805, baada ya sehemu ya sampuli zake kupotea merikebu ya Porpoise ilipovunjika mwambani mwaka 1803.

Wakati huo wengi bado walifuata hesabu ya Mswidi Linnaeus: hesabu stameni (viungo vya kiume vya ua), hesabu pistili (vya kike), upange mmea. Ni njia rahisi, ila huwaweka nyumba moja watu wasiojuana na kuwatenga ndugu wa damu. Mimea ya Australia iliiumbua. Brown akafuata njia ya Mfaransa Jussieu, ya kutazama mmea mzima kabla ya kuamua familia yake, na yeye akaongeza kuchunguza hata chembe za chavua. Kitabu chake, Prodromus, kilitoka 1810 kwa Kilatini, bila picha, kikieleza spishi zipatazo 2,000. Zilichapwa nakala 250. Zilizouzwa hazikufika 30. Brown alivunjika moyo na juzuu ya pili haikutoka kamwe. Kwangu mimi, hakuna kitabu cha fani hii kilichouzwa vibaya hivyo kikaheshimiwa kiasi hicho.

Pigo jingine lilikuwa limetangulia. Mapema 1809 Brown alisoma mbele ya Linnean Society, chama cha wanasayansi cha London, makala yake juu ya familia ya Proteaceae, ambayo mgrivea ni mmojawapo wa mimea yake. Mtaalamu wa mimea Richard Salisbury alikuwapo, akisikiliza kwa makini. Kabla makala haijachapwa, kikatoka kitabu chenye jina la mtunza bustani Joseph Knight, ndani yake mna majina ya Brown. Wenye fani walijua kwamba mwandishi halisi ni Salisbury, naye akatengwa. Hata hivyo kanuni ya aliyetangulia kuchapa ni kali: mpaka leo, anayeandika kwa ukamilifu jina la jenasi Grevillea huweka jina la Knight kando ya la Brown.

Ndipo akaja Ferdinand Mueller, Mjerumani wa Rostock, aliyefika Adelaide 1847. Mwaka 1853 aliteuliwa kuwa mtaalamu wa mimea wa serikali ya Victoria. Alizunguka milima na majangwa, akaandikiana na wakusanyaji wa kila upande, wanaume kwa wanawake. Kitabu cha mimea yote ya Australia alikiona kuwa haki yake. Wakubwa wa bustani ya mimea ya Kew, London, walikataa: sampuli za Banks na Brown ziko London, na bila kuzitazama hakuna awezaye kusema kwa hakika jina gani ni la mmea gani. Kazi akapewa Mwingereza George Bentham, mzee wa miaka sitini hivi, ambaye hakupata kukanyaga Australia. Mueller alifunga sampuli zake makasha kwa makasha, familia baada ya familia, akazipeleka kwa meli hadi Kew, nazo zikarudishwa. Kwenye jalada la ndani la kitabu cha Bentham aliandikwa kuwa msaidizi.

Tofauti yao inaonekana wazi katika mikaratusi. Mueller, aliyesimama chini ya miti yenyewe, aliigawa kwa magome: laini, ya nyuzi, magumu kama chuma. Bentham mbele yake alikuwa na vijitawi vikavu visivyo na gome, kwa hiyo mwaka 1867 aliigawa kwa stameni. Wote wawili waliona kweli, kila mmoja nusu yake.

Lakini Bentham hakuwa mwizi kama Salisbury. Mueller alichapa maelezo yake vipande vipande katika mfululizo wake, Fragmenta. Bentham alikaa, akapanga, akamaliza. Kazi yake, Flora Australiensis, ilitimia 1878: juzuu 7, spishi zaidi ya 8,000, bara zima kwa mara ya kwanza. Ningekuwa mimi wa kuamua, majina yote mawili yangesimama sawa juu ya jalada.

Mueller alitoa orodha yake mwenyewe 1882, akapanga baadhi ya familia kinyume na Bentham, akafariki 1896. Juzuu ya kwanza ya Flora of Australia, iliyokusudiwa kuchukua nafasi ya kazi ya Bentham, ilitoka 1981, safari hii ikihaririwa Australia kwenyewe.