Unaenda kuzamia Nungwi, Mafia au Diani? Hili ndilo jaketi utakalopewa

Umelipia safari, boti inaondoka saa mbili asubuhi, halafu unakabidhiwa jaketi linalopanda hadi masikioni. Hilo si suala la urembo. Jaketi hilo, ambalo wazamiaji huliita BCD, ndilo linalobeba mtungi wa hewa, na ndilo linaloamua kama utazama, utaelea au utatulia katikati ya maji bila kugusa matumbawe.

Kwenye vituo na hoteli nyingi za pwani, kifaa cha kukodi ni kilekile: jaketi la kawaida, hewa yake ikikaa ubavuni na mgongoni. Vituo vinalipenda kwa sababu mwanafunzi analizoea haraka, na ukiibuka linakuweka wima kichwa kikiwa nje. Mara nyingi limo kwenye bei ya kifurushi, ila wapo wanaolitoza pembeni. Uliza kabla ya kulipa.

Aina ya bawa, ambayo hewa yote iko mgongoni, ni adimu. Chini ya maji inakulaza vizuri, lakini juu inaweza kukuinamisha uso mbele kama hujaizoea. Ukimwona mkufunzi kavaa moja, usidhani lipo la kukodisha. Huenda ni lake. Mitungi ya ubavuni, mtindo uliokuzwa na wazamiaji wa mapangoni, ndiyo adimu zaidi. Waandikie mapema, na uliza pia kama wana mkufunzi wake.

Saizi ndiyo kasheshe

M na L hazisumbui. Mwenye mwili mdogo sana au mkubwa sana ndiye anayeumia, hasa msimu wa watalii. Jaketi kubwa linafanya mtungi uyumbe mgongoni na wewe upigane nao mzamo mzima. Tuma urefu na uzito wako unapoweka nafasi, si asubuhi ya safari.

Kuhusu uzito, tarajia mkanda wa risasi kiunoni. Majaketi yenye mifuko ya risasi yapo, ila usiyategemee. Kama ulijifunzia bwawani, utahitaji risasi zaidi baharini kwa sababu maji ya chumvi yanakuelesha. Na kumbuka mtungi wa alumini wa lita 11 ukijaa hubeba zaidi ya kilo 2 za hewa. Ukiitumia, mtungi unaanza kuelea, kwa hiyo risasi zilizotosha mwanzoni zinaweza kukuangusha mwishoni, pale unapotakiwa kutulia mita 5.

Unataka kubeba la kwako? Jaketi la kawaida lina kilo 3 hadi 4, na ndege ndogo za Mafia na Pemba mara nyingi zinaruhusu mzigo wa kilo 15 tu. Hesabu vizuri.

Kabla hujapanda boti

Lijaze hewa hadi valvu ianze kuitoa yenyewe, liache dakika chache, uone kama linalegea. Vuta kila kamba ya kutolea hewa. Kisha bonyeza kitufe cha kujaza, uachie: hewa inatakiwa ikate palepale. Kitufe kinachong'ang'ania ndicho cha kuogopa, maana jaketi likijijaza lenyewe chini linakurusha juu kwa kasi, na kupanda hivyo kunaweza kupasua mapafu. Ukiona dalili hiyo, rudisha na omba jingine, hata kama wenzako wameshakaa kwenye boti.