Unyoya wa Mshale

Wahenga walisema kwamba mshale kwenda msituni haukupotea. Msemo huu hutumika kwa mafumbo, lakini leo napenda niuchukue kwa maana yake ya wazi kabisa. Mpigaji hujua pa kuutafuta mshale wake kwa sababu ulikwenda njia iliyonyooka. Je, ni kitu gani kilichounyosha njia? Si chuma kilicho mbele, wala si upinde ulioachwa nyuma. Ni unyoya, kitu chepesi kuliko vyote katika silaha hiyo, na kwa hiyo ndicho kisahauliwacho upesi kuliko vyote.

Kiswahili, lugha ya watu wa pwani wanaodhaniwa kuwa ni wavuvi na wafanyabiashara tu, kina majina kamili ya viungo vya mshale. Chuma chake ni chembe au kigumba, mti wake ni wano, kamba ya upinde ni upote, na mkoba wa kutilia mishale ni podo au ziaka. Lugha haiundi majina ya vitu isivyovijua. Walakini, hivi karibuni niliwauliza vijana wanne katika ofisi moja hapa Kivukoni maana ya neno wano, na watatu kati yao walidhani nimekosea kutamka tano.

Sasa na tuitazame kazi ya unyoya. Mshale wenye kichwa cha chuma una uzito mwingi mbele. Uachiliwapo na upote hupinda na kuyumba, na kama nyuma yake ni tupu waweza kwenda upande au hata kufika ubavu ukitangulia. Manyoya hukamata upepo na kuuvuta mkia urudi nyuma ya kichwa. Yakiwekwa kwa mshazari kidogo, huuzungusha mshale hewani, na mzunguko huo huzidi kuutuliza. Ndiyo sababu fundi hachanganyi manyoya ya bawa la kulia na ya bawa la kushoto katika mshale mmoja: hayo hujipinda kinyume, na mshale hauwezi kutii mabwana wawili.

Katika nchi yetu kazi hii ingali hai kwa Wahadza, waishio kandokando ya Ziwa Eyasi. Mvulana wa Kihadza hupewa upinde wake mdogo angali na umri wa miaka mitatu hivi, na huendelea kujifunza hadi utu uzima. Fundi hulipasha moto wano na kulinyosha kwa kuling'ata kwa meno, huku akilitazama kwa jicho moja. Kisha hupanga manyoya ya ndege, kama vile kanga au tumbusi, na kuyafunga kwa kano za mnyama. Kano iliyolowa ni laini kama uzi. Ikikauka hunywea na kukaza. Hakuna kifaa kinachomshikia unyoya. Vidole ndivyo vishikavyo, jicho ndilo lipimalo, na mwamuzi ni porini.

Katika nchi za mbali kazi hiyo ilipata heshima ya serikali. Huko London, mwaka 1371, mafundi wa mishale waliomba watenganishwe na mafundi wa pinde, ili kila chama kishike kazi yake. Mwaka 1417 Mfalme Henry wa Tano aliamuru yakusanywe manyoya 6 kutoka kwa kila bata bukini katika majimbo mengi ya Uingereza, kwa ajili ya mishale ya vita. Baadaye bunduki ilipochukua nafasi ya upinde, ulengaji mishale ukabaki kuwa mchezo, nao wachezaji wakajitengenezea kibanio maalumu. Mshale husimamishwa ndani yake, unyoya hubanwa katika taya zake na kugandishwa kwa gundi, kisha mshale huzungushwa digrii 120 ili unyoya wa pili ukae mahali pake, na tena kwa wa tatu. Kwa kifaa hicho hata mwanagenzi hupata manyoya yaliyopangika sawasawa.

Wako watakaosema kwamba basi kibanio ni maendeleo na kidole ni ushamba. Mimi sikubaliani nao. Kibanio ni mkono wa fundi wa kale uliogeuzwa kuwa chuma. Kisingebuniwa kama hapangekuwako kwanza vidole vilivyojua nafasi na mshazari. Asiyesadiki na ashuke hadi pwani ya Kivukoni, kwenye soko la samaki, amtazame fundi wa nyavu. Mmoja hupima macho ya wavu kwa kibao. Mwingine, mzee zaidi, hupima kwa vidole vyake viwili. Mpe yule wa kwanza wavu bila kibao, utaona tofauti. Mpe yule wa pili kibao, atakuchongea kingine kilicho bora.

Hatari yetu, basi, si kwamba vibanio vitakuja. Ni kwamba mkono waweza kutoweka kabla haujaandikwa popote. Kuhusu sumu za mishale ya Afrika, wataalamu wa Ulaya walifanya uchunguzi tangu karne ya 19, wakapata humo dawa za moyo. Kuhusu vifaa vya Wahadza, Jumba la Makumbusho la Uingereza lilichapisha mwaka 1970 kitabu cha mtaalamu James Woodburn. Si aibu kwamba mgeni ameandika. Aibu ni sisi kuridhika kwamba ameandika, tukaacha kuandika kwa lugha yetu.

Makumbusho yetu ya Taifa, umbali mfupi kutoka hapo sokoni, yalifunguliwa kwa umma mwaka 1940, na jengo jipya likaongezwa mwaka 1963 baada ya Uhuru. Kila mtunza makumbusho duniani anajua kwamba chuma hudumu, mti hudumu, lakini unyoya huliwa na wadudu. Kabati peke yake haliwezi kuuhifadhi mshale. Kinachoweza kuuhifadhi ni maelezo ya namna ulivyofanywa, yaliyotoka kinywani mwa afanyaye, na yenye majina yake ya Kihadza na ya Kiswahili kwa pamoja. Aidha, fundi mwenyewe anahitaji pori la kuwindia. Mwaka 2011 baadhi ya Wahadza walipata hati za kimila za ardhi yao, na hatua hiyo ilikuwa hifadhi ya utamaduni kuliko kabati lolote.

Nembo ya Taifa letu ina mkuki, shoka na jembe, haina upinde. Simlaumu aliyeichora, kwani nembo haiwezi kubeba kila kitu. Lakini lile lisilobebwa na nembo halina budi kubebwa na kalamu. Mshale kwenda msituni haukupotea, naam, ila kwa sharti moja: awepo mtu aliyeiona njia yake, na aliye tayari kuufuata.