Uvimbe Sugu wa Utumbo na Mishipa ya Damu ya Retina

Ugonjwa wa Crohn na kolitisi ya vidonda husababisha uvimbe sugu kwenye utumbo. Athari zake haziishii tumboni: zinaweza kufika kwenye viungo, ngozi na macho. Mara chache huathiri mishipa ya damu ya retina, yaani utando ulio nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Hali hii ni nadra, lakini inaweza kusababisha upofu.

Kwa nini hutokea?

Ugonjwa wa utumbo unapopamba moto, damu huganda kwa urahisi zaidi. Kuharisha kunakopunguza maji mwilini huongeza hatari hiyo. Donge la damu linaweza kuziba vena ya retina au, kwa nadra zaidi, ateri. Wakati mwingine kuta za mishipa yenyewe huvimba; hali hii huitwa vaskulitisi ya retina.

Dalili

- Kuona ukungu au kupoteza uwezo wa kuona ghafla, mara nyingi jicho moja
- Kivuli au doa jeusi katika sehemu unayotazama
- Vidoa vinavyoelea mbele ya macho

Jicho huenda lisiume wala lisiwe jekundu, hivyo ni rahisi kupuuza. Jicho jekundu, linalouma na kuumizwa na mwanga linaweza kuwa na uveitisi, ambayo nayo huhitaji daktari haraka.

Ufanye nini?

Ukipoteza uwezo wa kuona ghafla, nenda hospitali mara moja, hata kama hali imerudi kuwa ya kawaida. Ateri ikiziba, retina huharibika ndani ya saa chache, na madaktari huichukulia dharura hiyo kama kiharusi. Mweleze daktari kuhusu ugonjwa wako wa utumbo na dawa zote unazotumia.

Matibabu

Daktari wa macho huweka matone ya kupanua mboni, kisha huchunguza retina na kuipiga picha. Vena ikiziba, sindano za dawa ndani ya jicho hupunguza maji yaliyojikusanya kwenye retina. Vaskulitisi hutibiwa kwa dawa za kutuliza kinga ya mwili, baada ya kuhakikisha chanzo si maambukizi kama kifua kikuu au kaswende.

Kujikinga

- Usiache dawa za utumbo bila ushauri wa daktari.
- Kunywa maji ya kutosha, hasa unapoharisha.
- Usivute sigara.
- Pima shinikizo la damu na sukari.
- Ukitumia steroidi kwa muda mrefu, pima macho mara kwa mara, kwani zinaweza kuleta mtoto wa jicho na glakoma.