Pikipiki ya umeme (mradi wa wanafunzi wa uhandisi)

Pikipiki ya umeme huendeshwa na mota na betri badala ya injini ya petroli. Kwa mwanafunzi wa uhandisi nchini Kenya, ni mradi unaolingana na uwezo wake: fremu kuukuu hupatikana, fundi wa jua kali huichomelea, na kosa la hesabu hujitokeza barabarani siku hiyohiyo.

Afrika Mashariki miradi ya vyuo imewahi kuzaa viwanda. Kiira EV, gari la umeme la Chuo Kikuu cha Makerere, lilifanyiwa majaribio mwaka 2011 na baadaye ikaundwa kampuni ya Kiira Motors. Roam, kampuni ya pikipiki za umeme ya Nairobi iliyoanza 2017 kwa jina la Opibus, chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi.

Usanifu huanzia kwenye safari; mota hufuata. Kutoka Kitengela hadi mji wa Kajiado kupitia Isinya ni kilomita 50 hivi. Betri ya volti 72 na ampea-saa 45 hubeba wati-saa 3,240. Pikipiki ikila wati-saa 40 kwa kilomita, itafika kilomita 81: kwenda inatosha, kurudi itasukumwa. Dawa ni betri ya pili, kituo cha kubadilishia betri, au kupunguza mwendo. Hili la mwisho hudharauliwa bure, kwani ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, na upepo wa Kajiado si wa mchezo: ndio unaozungusha mitambo 60 ya kituo cha umeme wa upepo cha Kipeto.

Nje ya lami, mvua ikinyesha, udongo mweusi wa Kitengela hunata kwenye tairi na kujaa chini ya madigadi hadi gurudumu ligome. Dereva akizidi kukaza mkono, mkondo wa umeme hupanda na nyaya za mota huungua. Kwa hiyo madigadi huinuliwa, kontrola, kifaa kinachodhibiti umeme wa mota, hufichwa chini ya kiti na kuwekewa kikomo cha mkondo.

Marekani, wanafunzi hushindana kuunda pikipiki za theluji za umeme, zinazohitajika na watafiti wa Greenland wasiotaka moshi uchafue sampuli zao. Wao hupambana na baridi inayopunguza nguvu ya betri. Kajiado tatizo ni jua: betri iliyoachwa juani stejini mchana kutwa hupozwa kivulini kwanza, ndipo ichajiwe, la sivyo seli zake huzeeka upesi.