Kitunguu Saumu Katika Nchi ya Karagwe

Kapteni John Hanning Speke alipofika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwezi wa Novemba 1861, aliwakuta wanawake wa nyumba ya kifalme walionenepeshwa kwa maziwa hata wasiweze kusimama. Mmoja, shemeji ya mfalme, alimpima kwa utepe: mzunguko wa mkono futi 1 na inchi 11, wa paja futi 2 na inchi 7. Unene huo ulikuwa fahari, si ugonjwa, wala hapana aliyeutafutia dawa.

Dawa inayotajwa sana siku hizi kwa maradhi ya unene na ya moyo, yaani kitunguu saumu, asili yake ni Asia ya Kati. Waarabu wa Kaze, ndiyo Tabora, walilima vitunguu katika bustani zao, nao walikuwa na kituo cha biashara Kafuro, humo humo Karagwe. Jina lenyewe ni ushahidi: saumu hii yatokana na neno la Kiarabu thum, wala haihusiani na saumu ya Ramadhani; na Waganda husema katunguluccumu, jina lililobeba sauti ya pwani mpaka ng'ambo ya Kagera.

Sifa zake za tiba zilitangulia sana uchunguzi. Ni mwaka 1944 tu ambapo Cavallito na Bailey, huko Marekani, walipoitenga alisini, kitu kinachozaliwa punje ipondwapo. Ikipikwa nzima haizaliwi. Majaribio ya baadaye yameonyesha kwamba hushusha kidogo shinikizo la damu kwa wale ambao limekwisha kupanda. Kuhusu mafuta ya damu habari ni dhaifu: mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Stanford kiliwajaribu watu 192 kwa miezi 6, kwa saumu mbichi na kwa vidonge vyake, na lehemu mbaya haikushuka. Ushahidi wa kitunguu maji ni mwembamba zaidi.

Basi mzee wa Nyakasimbi aachaye vidonge vya hospitali kwa kutegemea punje mbili za asubuhi yumo hatarini, kwa kuwa shinikizo hupanda kimya, pasipo maumivu, mpaka siku ya kupooza. Na yule anywaye dawa ya kuzuia damu isigande, akizidisha saumu, huweza kutokwa na damu kupita kiasi. Hana budi kumweleza daktari kabla ya kupasuliwa.